Darubini Iliyopakwa Mafuta ya Nazi

Bofa, Kilifi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kabla sijaandika neno jingine lolote: hakuna msiba. Sijaumia, sijafukuzwa kazi, wala sijaolewa kwa siri. Zile kelele ulizosikia jana kwenye simu zilikuwa zangu mwenyewe, na zilikuwa za furaha, ila salio liliisha kabla sijafika kwenye maneno yenye maana. Najua ulibaki umeishika simu mkononi ukimuuliza dada Mumbua, "Huyu amelia au amecheka?" Nilifanya yote mawili, na sababu nitakueleza.

Ningeweza kukupigia tena, lakini mimi na wewe tunajuana. Nikianza jambo kwenye simu utaniuliza kama nimekula, nikijibu utaniuliza nimekula nini, na habari yote itaishia kwenye sufuria. Kwa hiyo nimekaa hapa kibarazani kwa Bi Mwanaisha, mwenye nyumba wangu, nikaandika, na barua hii nitampa Kyalo wa shangazi anayesafiri kesho kuja Mwingi. Nimekula, Mama. Wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga. Sasa tuendelee.

Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma inasaidia, au umeigawa kwa majirani kama kawaida yako? Mbuzi yule mweupe ameshazaa? Na kifua cha Bibi je, baridi hii ya huko nyumbani imemwacha salama? Mimi niko mzima kabisa, isipokuwa bega la kulia lina uchovu kidogo na sauti imenikauka. Hata sauti iliyokauka ni sehemu ya habari zenyewe.

Unajua ninafanya kazi kwenye kiwanja cha kulenga shabaha, kule nyuma ya mashamba ya katani. Najua pia kwamba neno bunduki hulipendi, na kwamba akina mama wa kanisani wakikuuliza unawaambia binti yako yuko Kilifi anafanya kazi "ya michezo". Si uongo, Mama. Ni mchezo kweli. Bunduki zinafungiwa kwenye chumba cha chuma, funguo anazo Mzee Nyamawi peke yake, na hakuna anayegusa kitu bila yeye kusimama pale. Tunazozipenda zaidi ni zile bunduki ndogo ambazo risasi yake haizidi punje ya kunde na mlio wake ni kama mtu aliyevunja kijiti. Tunapiga karatasi. Hata kunguru wa hapa, ambao wanastahili, hatuwagusi.

Tangu nilipokuja, kazi yangu imekuwa kubandika hizo karatasi, kuokota maganda ya risasi na kuwapa wageni viziba masikio. Kazi hiyo naifanya na Kazungu, mwanamume wa rika langu, mzaliwa wa Ganda, ndiye aliyenipokea siku ya kwanza na kunionyesha mahali pa kusimama ili nisitobolewe. Tumekuwa kama ndugu. Tunagombana kama ndugu pia, hasa juu ya zamu ya kufagia.

Jioni wanachama wakishaondoka, Mzee Nyamawi hutuachia sisi wawili tujaribu. Mzee ni mtu wa Rabai, mwanajeshi mstaafu, anaongea polepole na anaona kila kitu. Mwanzoni nilikuwa napiga mchanga. Baadaye nikawa napiga karatasi. Halafu siku moja Mzee akaichukua karatasi yangu, akaiangalia kwa muda mrefu, akaikunja akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo alianza kunisahihisha namna ninavyopumua, namna ninavyolaza shavu, namna kidole kinavyovuta. Na Mzee hamsahihishi mtu ambaye amemkatia tamaa, hilo Kazungu alikuwa ameshaniambia.

Basi mwanzoni mwa mwezi huu akatuita ofisini. Timu ya Pwani inakwenda Nairobi kwenye mashindano ya nchi nzima ya bunduki ndogo, na nafasi moja ilikuwa wazi. Moja tu, Mama. Mzee akasema, "Nafasi hii mtaigombania nyinyi wawili. Wanachama wamekubali. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne, karatasi moja kila mtu. Atakayemshinda mwenziwe ndiye aendaye, na akirudi ataacha kubandika karatasi, atakuwa mwalimu wa wanafunzi wapya."

Sitakuficha: niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka tangu nizaliwe, na ninakumbuka nilivyotaka viatu vya Krismasi. Usiku nilikuwa nalala nikiwa Nairobi, naamka nikiwa Bofa. Na kilichonichoma ni kwamba Kazungu naye aliitaka vilevile. Mwaka jana aliigombania akaikosa, na mpaka leo akikumbuka huchukua ufagio hata kama si zamu yake.

Mzee alikuwa na sharti. Kwenye mashindano hayo wanaruhusu darubini juu ya bunduki, na bunduki zile mbili tunazofanyia mazoezi hazikuwa nazo. Akafungua kasha la darubini kuukuu zilizoachwa na wanachama, akasema, "Kila mtu achague yake, aifunge mwenyewe, aipime mwenyewe. Mlengaji asiyejua kufunga darubini yake huyo ni abiria tu."

Mama, ungeniona mbele ya kasha lile! Nilikuwa kama wewe mbele ya vitenge sokoni. Nilichukua kwanza ile kubwa kuliko zote, nene kama chupa ya chai, nikasema hii ndiyo yenyewe, hii itanionyesha hata vinyweleo vya karatasi. Nikaiegemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga nikachungulia. Kweli karatasi ilinijia hadi puani. Lakini ilikuja na kila kitu kingine: mapigo ya moyo wangu yalikuwa yanairusharusha, na fukuto linalopanda kutoka ardhini lilikuwa linaichezesha kama kitu kilicho chini ya maji. Tena ukungu haukuisha hata nilipozungusha kila kilichozungushika. Nikamuuliza Mzee. Akasema, "Hiyo ilitengenezwa kwa bunduki kubwa za kupiga mbali. Wewe wapiga hapo karibu. Jaribu kutikisa kichwa."

Nikaiacha bunduki imetulia juu ya mifuko bila kuigusa, nikakisogeza kichwa changu kidogo juu, kidogo chini. Ule msalaba mwembamba ulio ndani ya darubini ukawa unatembea juu ya karatasi! Bunduki haijasogea hata unywele, lakini msalaba mara uko juu ya shabaha, mara uko chini. Yaani ukilaza shavu vibaya kidogo tu, darubini inakudanganya, na wewe unaiamini.

Nikairudisha ile nene kashani kwa huzuni. Nikajaribu nyingine, nayo ikanidanganya. Mwishowe nikachukua moja ndogo nyeusi, imechubuka ubavuni, hata Kazungu alikuwa ameiruka. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya bunduki ndogo na kwa umbali wetu hasa. Nikatikisa kichwa juu, chini, kushoto, kulia. Msalaba ukatulia palepale kama umebandikwa kwa gundi. Haikuivuta karatasi sana, lakini ilichoonyesha kilikuwa kweli. Nikaikumbatia. Kazungu akacheka mpaka akakaa chini. "Umechagua kitoto," akasema. Yeye alikuwa amechagua iliyo ndefu kidogo, nzuri, na akaifuta vumbi kwa shati lake.

Kufunga ndiko kulikonifurahisha zaidi, nami nataka ukujue, kwa sababu wewe ni mtu wa mikono. Juu ya bunduki pana mfereji mwembamba wa chuma. Darubini inashikwa na pete mbili, na pete zina meno yanayoubana mfereji ule kwa skrubu. Unaweka pete, unalaza darubini, lakini hukazi kwanza. Unafumba macho, unalaza shavu kama utakavyolilaza siku zote, halafu unafumbua. Ukiona kivuli cheusi pembeni, darubini iko mbele mno au nyuma mno, unaisogeza. Nilifumba na kufumbua mpaka Kazungu akaniuliza kama nasali. Nilipoliona duara lote linang'aa bila kivuli, nikachora mstari wa penseli kwenye mfereji, mbele ya pete, ili nijue ilipo.

Halafu msalaba lazima usimame wima. Hapo nikafanya kama mwashi: nikafunga jiwe kwenye uzi, nikalining'iniza kwenye nguzo ya kule mbele, nikaigeuza darubini polepole mpaka mstari wake ukalala juu ya uzi. Nikaanza kukaza, kidogo upande huu, kidogo upande ule, kama fundi wa magari anavyofunga gurudumu, maana ukikaza upande mmoja mpaka mwisho unaipinda. Nilikuwa natoka jasho kwenye ncha ya pua.

Na hapo ndipo nilipoharibu, tena kwa kiburi. Huku pwani, Mama, chumvi ya bahari inakula chuma. Bawaba zinaoza, pasi zinaoza, hata vifungo vya begi langu vilioza mwaka wa kwanza. Bi Mwanaisha hupaka mafuta ya nazi kila kitu: bawaba za mlango, cherehani, mnyororo wa baiskeli, kufuli. "Chuma cha pwani bila mafuta ya nazi ni kutu tu, mwanangu," ndivyo anavyosema, na mimi mtu wa bara nimejifunza, nami napaka kila kitu kama niliyezaliwa hapa. Kwa hiyo nilikuja na chupa ya mafuta yake, nikaupaka ule mfereji, nikapaka meno ya pete, nikapaka kila skrubu kabla ya kuirudisha na kuikaza. Kazungu akasema kwao Ganda hata jembe hupakwa, akaichukua chupa akaipaka yake pia. Tukazitazama bunduki zetu zinavyometameta, tukaona tumefanya kazi.

Tulizipima tukapata shabaha. Asubuhi mapema, Mama, bunduki yangu ilikuwa tamu! Risasi zilikuwa zinaingia kwenye tundu lilelile, huwezi kujua kama nimepiga mara moja au mara tano. Lakini jua likishapanda, mashimo yanaanza kuhamia kulia. Ninazungusha kifundo cha kando ya darubini kinachohamisha shabaha, tik, tik, yanarudi. Kesho yake asubuhi yako kushoto. Nikizungusha tena, mchana yako kulia. Nilikaribia kutoa machozi.

"Ni kusi," Kazungu akaniambia. "Upepo wa kusi huamka jua likipanda. Waona nyasi zainama?"

Na yeye mashimo yake yalikuwa yanahama, lakini yeye aliyapokea kama mtu anavyopokea mvua. Kusi kweli huvuma wakati huu wa mwaka, kila mtu hapa hulilaumu kwa kila kitu, kuanzia mafua mpaka ndoa. Nikaamini. Nikatumia wiki nzima kujifunza kuusoma upepo kwa majani, na mashimo yakaendelea kuhama.

Ikafika jana, Jumamosi yenyewe. Niliamka mapema, nikaoga, nikataka kupaka nywele mafuta ili nisuke vizuri zisinijie machoni. Chupa ya Bi Mwanaisha ikawa imeganda nyeupe kama samli. Ni kipupwe sasa, asubuhi huwa na baridi, na mafuta ya nazi huganda. Nikaiweka chupa dirishani juani, nikaenda kunywa chai huku nikisuka upande mmoja bila mafuta. Niliporudi mafuta yalikuwa yameyeyuka, yanacheza ndani ya chupa kama maji.

Nilisimama pale na chupa mkononi, nusu ya nywele imesukwa, nusu haijasukwa. Asubuhi yameganda, yanashika. Jua likipanda yanayeyuka. Asubuhi, na jua likipanda! Nikapiga kelele, Bi Mwanaisha akatoka jikoni na mwiko akidhani nimeona nyoka. Nikamwambia, "Bibi, ni mafuta yako!" Akaniuliza mafuta yake yana nini. Sikuwa na muda wa kumjibu. Nilidandia bodaboda na nywele zangu za nusu, watu wa barabara ya Bofa wamenicheka, na wacheke.

Kazungu alikuwa ameshafika, anapiga mluzi. Nikaitoa bunduki yangu mbele ya Mzee, nikaiweka mezani, nikautafuta ule mstari wa penseli. Ulikuwa umemezwa. Pete ilikuwa imesogea mbele, kiasi cha unene wa uzi tu, ikaufunika. Bunduki inaporudi nyuma kwa teke lake dogo, darubini inabaki, inateleza juu ya mafuta, kidogo kidogo, kila risasi. Nikashika skrubu, nayo ikazunguka kwa kidole! Nilifurahi kama mtu aliyempata mwizi wake. Nikafungua kila kitu, nikaanza kufuta kwa kitambaa kikavu.

Halafu nikainua macho nikaiona bunduki ya Kazungu juu ya meza yake. Inametameta.

Mama, nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia. Nilisikia ndani yangu sauti ikisema, nyamaza. Haikuwa sauti ya shetani mwenye pembe, ilikuwa sauti yangu mwenyewe, tena ya upole. Ikasema, yeye anaamini ni kusi, mwache na kusi lake. Saa nne jua litakuwa kali, mashimo yake yatahama, yako yatatulia, na wewe hujamfanyia ubaya wowote. Nilifuta skrubu ya kwanza nikiisikiliza. Nikafuta ya pili nikiisikiliza. Nikamwona anavyoifunga kamba ya kiatu chake huku akipiga mluzi.

"Kazungu," nikasema, "fungua darubini yako."

"Ati nini? Saa hii? Ndinda, umerogwa?"

"Ni mafuta ya nazi. Asubuhi yameganda, jua likiwaka yanayeyuka, darubini inateleza. Kausha kila kitu."

Akacheka. "Huo ni upepo, mwenzangu. Wewe mtu wa bara, kusi walijulia wapi?"

"Njoo uangalie mstari wangu wa penseli, halafu sukuma yako kwa dole gumba."

Alikuja, akaangalia, akarudi kwake bila kucheka. Akaisukuma darubini yake kwa dole gumba. Ikasogea. "Aka!" akasema, na uso ukambadilika rangi. Sijawahi kumwona mtu anafungua skrubu haraka namna ile.

Mzee Nyamawi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatusogelea akaona bunduki mbili zimetapakaa mezani, mashindano yakiwa karibu. "Mwazivunja bunduki zangu?" akauliza. Nikamweleza. Akaichukua pete ya darubini yangu, akaileta puani, akainusa.

"Mwalenga shabaha nyinyi," akasema, "au mwapika wali?"

Mama, nilitamani ardhi inimeze, na huku kicheko kinanibana tumboni. Mzee akaenda kwenye sanduku la huduma ya kwanza akaleta chupa ya spiriti. "Chuma hupakwa mafuta pasipobana," akasema. "Pabanapo hukaushwa, yabisi kabisa. Haya, fanyeni. Lakini saa nne ni saa nne, sitawangoja."

Chupa ya spiriti moja, kitambaa kimoja, na mahali pa kupimia pamoja. Tukagawana. Ninapofuta, yeye anakaza. Ninapokaza, yeye anapima. Mara mbili aliniondoa mahali pangu, mara mbili nikamwondoa. Tukaanza kuzipima upya, risasi chache yeye, risasi chache mimi, na kila aliyekuwa akipiga mwenzake alikuwa anaguna kwa kukosa subira. Nilipopiga za mwisho za kujipima jua lilikuwa limeshapanda, na mashimo yakakaa. Hayakuhama! Nikamtazama Kazungu. Na yake yalikuwa yamekaa. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini: nimemrudishia bunduki yake, na sasa ni lazima nimshinde.

Akatangulia yeye. Nilikaa nyuma nimeziba masikio, nikimwangalia anavyopumua, anapiga, anatia risasi nyingine, anapiga. Mzee alikuwa anachungulia kwa darubini yake kubwa ya miguu mitatu, na uso wake hausemi kitu. Lakini wanachama waliokuja kutazama walikuwa na darubini zao, nami nikaziona nyuso zao. Alikuwa amepiga vizuri kuliko siku yoyote. Alipoinuka alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

Ikawa zamu yangu, na kusi likaamka. Safari hii lenyewe hasa, Mama, si la kusingiziwa. Nyasi zikainama. Nikalaza shavu, nikafumba macho, nikafumbua: duara safi, msalaba umetulia. Ile wiki niliyopoteza nikijifunza upepo haikuwa imepotea kumbe. Nilikuwa nangoja majani yatulie, halafu navuta. Risasi ya kwanza katikati. Ya pili katikati. Ya tatu nikaivuta kwa pupa, nikaiona imetoka nje ya duara la ndani. Nilitaka kuinua kichwa. Nikakumbuka Mzee alivyoniambia kwamba risasi iliyokwisha kutoka si yako tena. Nikangoja upepo. Nikapiga. Nikangoja sana kwa ile ya mwisho, nikasikia mtu nyuma anakohoa, nikangoja tena, nyasi zikasimama wima kwa pumzi moja tu, nikavuta.

Mzee akaenda mwenyewe kuzileta karatasi. Akaziweka mezani sambamba. Akahesabu yangu, akahesabu ya Kazungu, akarudia. Kwenye ya Kazungu palikuwa na tundu moja lililokaa mpakani, hujui kama limegusa mstari au halikugusa. Mzee akatoa kipimo chake cha kioo cha kukuzia, akainama. Likigusa, tumelingana. Lisipogusa, nimeshinda kwa pointi moja. Nilitazama viatu vyangu.

"Halikugusa," Mzee akasema. Akanyoosha mgongo. "Ndinda ndiye aendaye Nairobi."

Sikupiga kelele wakati ule, Mama, kwa sababu nilikuwa namtazama Kazungu. Alisimama akiitazama karatasi yake. Halafu akaja, akanishika mkono, akauinua juu mbele ya watu, na wakapiga makofi. Tulipokuwa tunarudisha bunduki akanivuta kando. "Ndinda," akasema, "nikwambie kweli? Ningekuwa mimi niliyeyaona mafuta yale kwanza, ningenyamaza."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakimbilia nyuma ya ofisi nikakupigia simu, na unajua yaliyofuata.

Maneno hayo nimelala nayo na nimeamka nayo. Hakuyasema kwa uchungu. Aliyasema kama mtu anayekupa kitu ambacho hana kingine cha kukupa. Ningependa kukuambia kwamba nilifungua mdomo kwa sababu ya malezi yako mema, nawe ungefurahi kuwasimulia akina mama wa kanisani. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka kushinda, nilitaka mno, na kumshinda mtu ambaye darubini yake inateleza si kushinda. Ningekwenda Nairobi nikiwa nimebeba kitu kizito kuliko bunduki. Leo baada ya ibada Kazungu amepita hapa, amesema wiki hizi zote atakaa nyuma yangu mazoezini anisomee upepo. "Kusi ni langu," akasema, "wewe piga tu." Bi Mwanaisha amemkaribisha chai, na ametuambia sisi wawili kwamba mafuta yake hayana kosa, wenye kosa ni walioyapeleka yasikoalikwa.

Msalimie Bibi, mwambie mjukuu wake hajasahau sala zake za jioni. Msalimie dada Mumbua, mwalimu wa watoto wetu wadogo, ambaye najua ndiye anayekusomea hapa na ameshaanza kulia. Mumbua, jikaze, umalize. Mjomba Mutisya fundi wa baiskeli mwambie asipake mafuta kila mahali. Na mke wa mchungaji akikuuliza kazi yangu, sasa mwambie waziwazi: binti yangu ni mlengaji shabaha, na anaiwakilisha Pwani nzima.

Mama, Nairobi si mbali na Mwingi. Mwezi ujao, nauli yako nitaituma, Mumbua atakushika mkono. Najua unaogopa, najua bunduki huzipendi na hutazipenda kwa sababu yangu. Sikuombi uzipende. Nakuomba ukae kwenye kiti cha nyuma uniangalie. Utapewa viziba masikio, uvivae. Wakati tunapiga hakuna anayeruhusiwa kupaza sauti, hata mama mzazi, kwa hiyo vigelegele vyako vizuie kifuani mpaka niiweke bunduki chini na nigeuke kukutafuta. Nikishinda au nikishindwa, nitageuka. Nikigeuka, Mama, usiwaonee haya watu. Piga.

Ni mimi binti yako, mwenye nywele za nusu mpaka sasa,

Ndinda